Darasa la watoto 80 na kila mtoto na lake: mwongozo wa kumsaidia mwanafunzi mwenye mahitaji tofauti shule ya msingi

Walimu wenzangu wa shule za msingi za serikali, hasa nyie wa huku ambako darasa moja lina watoto 80 na kitengo cha elimu maalumu kilicho karibu kiko wilaya ya pili, hii nimeandika kwa ajili yenu. Kwenye karatasi uwiano ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, tunaujua wote, na darasani tunajua kilichopo. Semina ya elimu jumuishi tunaitwa, chai tunakunywa, kitini kinene tunarudi nacho, afu Jumatatu unaingia Darasa la Pili B unakuta mtoto yuleyule anainamia daftari na hujui uanzie wapi.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya msaada anaohitaji mtoto haisubiri mtu mwenye diploma ya Patandi, kile chuo cha walimu wa elimu maalumu. Inataka utaratibu: uangalie, upime macho na masikio, ubadilishe kitu kimoja uone, uandike, ndo uende ngazi ya juu. Tunapoharibu ni pale tunapoanzia mwisho, mtoto anapewa jina la "mzito" wiki ya pili ya Januari na jina linamfuata mpaka anamaliza shule.

Hatua ya 1: Kauntabuku moja, na kuangalia kwa wiki mbili

Nunua kauntabuku ya kwaya mbili. Usiandike watoto wote 80 utachoka siku ya tatu, andika wale wanaokusimamisha tu, wakizidi 15 anza na wanaokutia wasiwasi zaidi. Kila mmoja ukurasa wake, na kwa wiki mbili za mwanzo andika ulichokiona kwa macho, usiandike tafsiri yako. Yaani "ananakili ubaoni neno mojamoja, anaruka mistari, anakunja macho" ndo uandishi, "mvivu wa kuandika" hiyo ni hukumu na haitakusaidia kitu baadaye ukikaa na mzazi au na daktari.

Andika pia anachoweza, hii watu wanaisahau. Anayeshindwa kusoma lakini anajua kuhesabu chenji dukani kwa mama yake kakuonyesha mlango wa kuingilia. Na andika saa. Mtoto anayesinzia kila siku kuanzia saa nne huenda hajala tangu jana jioni, na hilo hulitibu kwa mazoezi ya silabi, unalipeleka kwenye suala la uji wa shule na kwa mzazi.

Kabla hujafika mbali fungua daftari la mahudhurio. Ukikuta anakosekana kila siku ya mnada, au kila msimu wa kupalilia, basi pengo lake ni la masomo aliyoyakosa, na dawa yake ni kumrudishia hayo masomo na kuongea nyumbani, sio kumtafutia ulemavu.

Hatua ya 2: Macho na masikio kwanza, mengine baadaye

Hii ningekuwa na uwezo ningeifanya iwe lazima kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza, maana ni ya bure na inachukua dakika chache kwa mtoto.

Macho. Chora herufi E kwa maka peni nyeusi kwenye kipande cha manila nyeupe, iwe mraba wenye urefu na upana wa milimita 17 na nusu, yaani sentimita moja na robo tatu, na kila mguu wa E uwe na unene wa milimita 3 na nusu, na nafasi katikati yake hivyohivyo. Pima mita 6 kwa futikamba, nje penye mwanga mzuri lakini jua lisimpige mtoto usoni. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. We unageuza E iangalie juu, chini, kushoto, kulia, yeye anaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi, hahitaji kujua kusoma hata kidogo. Mfundishe kwanza mchezo wenyewe akiwa karibu mpaka auelewe, ndo urudi nyuma. Akipatia mara nne kati ya tano, jicho hilo limepita, nenda la pili. Akishindwa, iwe jicho moja au yote, anaenda kupimwa hospitali. Hujamwambia mzazi kwamba mtoto ana ugonjwa gani, umesema tu kwamba anatakiwa akaonwe.

Masikio. Simama nyuma ya mtoto umbali wa urefu wa mkono ili asisome midomo yako. Aweke kidole kwenye kile kinundu cha mbele ya sikio la pili na kukisuguasugua, sikio hilo lisimsaidie. Toa pumzi, afu nong'ona vitu vitatu, mfano "nne, mbuzi, saba". Akirudia vyote vitatu sawa. Akikosea nong'ona vingine vitatu, na akipata angalau vitatu kati ya sita hesabu kapita. Rudia sikio la upande mwingine. Ukiona sikio linatoa usaha hapo hata usipime, huyo aende zahanati wiki hiyohiyo, na umwambie mzazi asimwagie mafuta ya kula wala maji ya majani humo ndani. Kuna kitu kingine, mtoto mwenye mafua ya mara kwa mara anaweza kusikia vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo, walimu wanasema "huyu anasikia anapotaka". Kumbe kweli kuna siku anasikia na kuna siku hasikii.

Hatua ya 3: Jua lugha ya nyumbani na jua amefika wapi kwenye kusoma

Shule zetu Darasa la Kwanza zinafundisha kwa Kiswahili, na tunasahau kuna watoto wanaokutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza getini. Mtoto aliyekua na Kisukuma, Kimaasai au Kiha mtupu akikaa kimya miezi mitatu ni wa kawaida kabisa. Mtafute mtu anayejua lugha yake, hata kiranja wa Darasa la Sita, muulize maswali yaleyale kwa lugha ya nyumbani. Akijibu vizuri, shida ni lugha, na inaisha kwa kuongea naye sana, picha, nyimbo na vitendo. Akishindwa hata kwa lugha ya kwao, andika, hiyo ni taarifa nyingine.

Kusoma unapima chini ya mwembe, mtoto mmojammoja, dakika tatu tu. Herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, afu kifungu cha sentensi nne na swali moja la kuelewa. Pale anapokwama ndo daraja lake, haijalishi yuko darasa la ngapi. Utashangaa Darasa la Nne unakuta wa silabi.

Kuhusu disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtoto ambaye mengine anayaelewa vizuri, niseme kidogo kwa sababu maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yametoka kwenye Kiingereza. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma maneno kwa usahihi, ila anasoma kwa kukokota, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Ukisubiri dalili ya kugeuza b na d peke yake utamkosa. Mtazame anayeongea vizuri, anayejibu vizuri kwa mdomo, lakini kusoma kwake hakuongezi kasi mwaka mzima na imla inamuua, hasa silabi za konsonanti nyingi kama mbwa, ng'we, nywe. Huyo usimsimamishe ghafla asome mbele ya darasa. Mpe kifungu jana yake aende nacho nyumbani, au muulize maswali ya somo kwa mdomo umpe maksi zake.

Hatua ya 4: Badilisha darasa kabla hujambadilisha mtoto

Anza na ubao. Ubao uliopauka ni mweupe juu ya weupe, mwambie mwalimu mkuu upakwe rangi kutoka kwenye ruzuku ya uendeshaji, ni matumizi halali kabisa. Andika herufi kubwa, acha nafasi, na kila unachoandika kisome kwa sauti huku unaandika. Hili la mwisho linamsaidia asiyeona vizuri, anayesoma polepole na aliyekaa nyuma kabisa, wote kwa mpigo.

Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu, na miwani inaweza kusaidia lakini mara nyingi haimalizi tatizo, kwa hiyo usishangae ana miwani na bado anainamia kitabu. Mwache ainame, haharibu macho. Mkalishe mbele lakini mgongo uelekee dirishani, mwanga mkali ndo adui wake. Mruhusu kuvaa kofia hata darasani, mruhusu kusogea mpaka ubaoni kusoma na kurudi, mpe kalamu nyeusi badala ya penseli iliyopauka. Mstarini asisimame juani nusu saa kwa sababu ya matangazo ya mwalimu wa zamu, akae kivulini, na kwenye kilimo cha shule apewe kazi ya ndani. Sketi ndefu na mikono mirefu kwenye yunifomu visiwe na mjadala. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapahapa nchini, pale hospitali ya KCMC Moshi yanaitwa Kilisun, ulizieni kliniki za ngozi au chama cha watu wenye ualbino mkoani kwenu mtoto aingizwe kwenye orodha.

Anayesikia kwa shida aone uso wako. Usiongee ukiwa umegeukia ubao, usitembee huku unafundisha, usisimame dirisha likiwa nyuma yako maana uso unakuwa kivuli. Sikio zuri lielekee kwako. Akiwa hajaelewa badilisha maneno, usirudie sentensi ileile kwa kupiga kelele. Ila kiziwi kabisa asiye na lugha yoyote, hapa sitapindisha maneno, kumkalisha darasa la kawaida ambalo hakuna anayejua lugha ya alama sio ujumuishi, ni kumhifadhi tu. Huyo anahitaji walimu wa lugha ya alama na viziwi wenzake, shule kama Buguruni Viziwi pale Dar au kitengo cha viziwi kilicho karibu, na mapema, kila mwaka unaopita bila lugha unamgharimu.

Asiyetulia kwenye dawati mpe kazi ndogondogo moja baada ya nyingine, hesabu tatu alete, tatu nyingine alete, badala ya kumi mara moja. Akae mbali na mlango. Kugawa madaftari na kufuta ubao iwe kazi yake rasmi, anatembea lakini kwa ruhusa. Fimbo haijawahi kumfundisha mtoto kutulia, inamfundisha kukuogopa, na mwenye hofu hata alichokijua jana hakikumbuki.

Mwenye usonji (autism) unamsaidia sana kwa ratiba inayoonekana, picha nne ukutani: mstarini, kusoma, uji, hesabu. Kitu kikibadilika mwambie kabla. Kelele za darasa zikimzidia awe na kona ya kwenda, hata ni nyuma ya kabati, na asihesabiwe kama ametoroka.

Hesabu ni vizibo vya soda na vijiti. Funga vijiti kumikumi kwa raba, mtoto ashike mafungu matatu na vijiti vinne aone kwamba 34 ni kitu kinachoshikika. Usiviondoe kwa sababu tu wengine wameshaacha kuvitumia.

Na choo. Kama kuna mtoto wa kiti mwendo au anayetembea kwa magongo, nenda mwenyewe choo cha shule ujiulize ataingiaje. Mteremko wa kupandia uwe wa moja kwa kumi na mbili, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa urefu wa mita 1 na sentimita 80, mafundi wengi wanaweka mfupi kuokoa saruji na unageuka utelezi. Mlango usipungue sentimita 90, na ndani kuwe na bomba la kushikilia. Ipelekeni kamati ya shule. Kuna watoto wanakaa bila kunywa maji siku nzima ili wasiende chooni, afu tunasema hawana umakini mchana.

Hatua ya 5: Kifafa, kila mwalimu ajue

Nimeipa hatua yake kwa sababu huku kwetu watoto wanaachishwa shule kwa ajili ya hili, na wenzao wanakimbia darasa zima wakiamini mate au povu linaambukiza. Haliambukizi. Wafundishe darasa hivyo siku ya kawaida, usisubiri siku ameanguka.

Akianguka angalia saa. Ondoa madawati na vitu vigumu karibu yake, weka sweta chini ya kichwa, legeza kola. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, usimnyweshe kitu. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu ili mate yatoke, kaa naye mpaka aamke vizuri. Ikipita dakika tano, au akianza tena kabla hajaamka, au hii ni mara yake ya kwanza, hospitali. Baadaye mwache alale, atakuwa amechoka, na alichofundishwa asubuhi ile huenda hakikumbuki kabisa kwa hiyo mrudishie. Mzazi umuulize kuhusu dawa bila kumsuta, inamezwa kila siku hata kama hajaanguka mwezi mzima, wengi wanaikatisha wakiona amepoa.

Hatua ya 6: Vikundi vya nusu saa

Kila siku, au hata siku tatu kwa wiki, nusu saa darasa linagawanyika kwa daraja la kusoma ulilopata chini ya mwembe: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa hadithi. Kama mna mikondo miwili unganisheni, mwalimu mmoja achukue walio chini, mwingine walio juu. Mwalimu mzuri zaidi apewe wa herufi, tunafanyaga kinyume. Wa hadithi wanaweza kujiongoza wenyewe, hao ndo wale wanaomaliza haraka na kuanza fujo, wape vitabu na maswali ya kutunga. Pima tena kila baada ya wiki sita, wanaovuka wavuke, asikae mtoto kikundi kimoja mwaka mzima mpaka kikawa jina lake.

Mwanafunzi kumsaidia mwenzake inafaa, ila angalia msaidizi asiwe anamwandikia. Sheria yangu ni moja: anayesaidia haruhusiwi kushika kalamu ya mwenzake.

Hatua ya 7: Kuongea na mzazi

Usimwite kwa barua inayosema "fika bila kukosa", atakuja amejiandaa kupigana au hatakuja. Mtafute siku ya kawaida, msalimie, kaeni. Anza na anachoweza mtoto, soma kutoka kwenye kauntabuku, afu mwambie ulichokiona na muulize yeye nyumbani anaona nini. Mara nyingi anajua kabla yako. "Mama, nimemwona anakunja macho akisoma, we nyumbani umeona?" inatosha kufungua mazungumzo. Usitaje jina la ugonjwa, we sio daktari, na akitoka hapo na jina litafika kwa majirani kabla yake.

Anayelea akiwa bibi, shikamoo yako isiwe ya haraka, na maelekezo yawe mawili tu, anayoweza kuyafanya bila kusoma: mtoto akasimulie alichojifunza, na asikose siku ya kliniki. Kuna wazazi watakaokwambia ni mambo ya kurogwa. Usibishane. Mwambie aendelee na imani yake ila na hospitali tuende, viende pamoja.

Hatua ya 8: Mpango wa mtoto mmoja, ukurasa mmoja

Ile fomu ndefu ya mpango wa mtoto mmojammoja ukiweza kuijaza jaza, ila kitu kinachofanya kazi ni mistari mitano: yuko wapi sasa, lengo moja la wiki sita, nani atafanya nini, lini, tutajuaje. "Aboreshe kusoma" sio lengo. "Kufikia likizo ya Juni asome silabi ishirini za konsonanti moja bila kukosea zaidi ya mbili, mwalimu wa Kiswahili dakika kumi Jumatatu na Alhamisi wakati wa mapumziko" hilo ni lengo. Mtoto mwenyewe aambiwe lengo lake, Darasa la Tatu na kuendelea wanaelewa kabisa na wanajihesabia.

Hatua ya 9: Kupeleka mbele

Umepima, umebadilisha, wiki sita zimepita na hajasogea, sasa mpeleke. Kiafya ni zahanati, hospitali ya wilaya, afu kubwa kulingana na kanda: Muhimbili au CCBRT Dar, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Kielimu ni mwalimu mkuu, afisa elimu kata, na afisa elimu maalumu wa halmashauri, huyu ndo wa upimaji wa kitaalamu na nafasi kwenye vitengo. Kila unapoenda peleka nakala ya ukurasa wa kauntabuku. Barua ya "mtoto haelewi" inalala kwenye faili, ukurasa wenye tarehe na ulichojaribu unasomwa. Ukikwama, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida, kwa hiyo mwalimu mkuu anayekataa kumwandikisha hana pa kusimamia.

Hatua ya 10: Mitihani

Baraza la Mitihani, NECTA, wana karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu kwa wasioona, na muda wa ziada, kwa upimaji wa Darasa la Nne na wa kumaliza elimu ya msingi. Lakini wanajua kupitia usajili, taarifa ya uhitaji iingie watahiniwa wanaposajiliwa, ikisahaulika mtoto anakutana na karatasi ya kawaida siku ya mtihani na hamna wa kumlaumu zaidi ya shule. Mwalimu wa taaluma akae na kauntabuku zenu wakati wa kusajili. Na majaribio ya shule yafanane na hayo, aliyezoea maandishi madogo mwaka mzima hawezi kuzoea makubwa asubuhi moja.

Desemba kabla hujafunga, kaa nusu saa na mwalimu atakayewapokea Januari. Mpe kauntabuku, mwonyeshe kila mtoto akae wapi na nini kimemsaidia, na vile ambavyo havikusaidia pia mwambie ili asipoteze miezi kuvijaribu upya. Ukihamishwa katikati ya mwaka, kauntabuku inabaki shuleni kwa mwalimu wa taaluma, imefungiwa kabatini, isiachwe mezani ofisini ambako kila anayeingia anaisoma.